Seraphino Antao: Mkenya wa Dhahabu ya Kwanza na Swali Tulilolikimbia

Kila mwaka ninapoanza kufundisha somo la historia ya Kenya ya karne ya 20, huwapa wanafunzi wangu swali moja jepesi kabla hatujafungua kitabu chochote. Huwauliza: ni nani aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza katika mashindano makubwa ya kimataifa ya riadha? Majibu hayachelewi. Wengi husema Kipchoge Keino. Wachache waliosoma zaidi humtaja Naftali Temu. Mmoja au wawili hukumbuka jina la Wilson Kiprugut, ingawa yeye alileta shaba, si dhahabu. Ninapoandika ubaoni jina la Seraphino Antao, ukumbi hunyamaza. Kisha mtu huuliza, kwa nia njema kabisa: "Huyo alikuwa Mkenya?"

Ndugu msomaji, makala hii inahusu swali hilo la pili. La kwanza lina jibu katika kumbukumbu za michezo na halihitaji mjadala. La pili limetusumbua tangu kabla ya uhuru, na hadi leo linawasumbua watu wanaosimama foleni katika ofisi zetu za usajili wakiwa na karatasi mkononi na wasiwasi moyoni.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, katika familia ya Wagoa. Wagoa ni watu ambao asili yao ni Goa, kipande cha pwani ya magharibi ya Bara Hindi kilichotawaliwa na Wareno tangu mwaka 1510. Ni Wareno hao hao waliojenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, kwa hiyo Goa na Mombasa zilijuana zamani sana kabla Mwingereza hajafika. Wagoa wengi walikuja Afrika Mashariki chini ya utawala wa Kiingereza wakawa makarani, wahasibu, walimu, wapishi na mafundi cherehani. Walikuwa Wakatoliki wenye majina ya Kireno, wakihesabiwa na serikali ya kikoloni pamoja na Waasia, ilhali wenyewe wakisisitiza kwamba wao si Wahindi.

Kijana huyo hakuanza maisha kama mwanariadha. Alifanya kazi katika kampuni ya kupakua na kupakia shehena bandarini, na riadha ilikuwa shughuli ya saa za jioni baada ya kazi. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana, akanolewa na kocha Mwingereza, Ray Batchelor. Napenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hili, kwa kuwa tumezoea simulizi moja tu ya mwanariadha wa Kenya: mtoto wa kijijini, milimani, anayekimbia maili nyingi kwenda shule. Antao alikuwa mtoto wa kisiwani, usawa wa bahari, katika mji wa joto na unyevu, na mbio zake zilikwisha kabla msikilizaji wa redio hajamaliza kumeza tonge.

Hapa ni lazima tuwe waadilifu. Mombasa ya miaka ya 1950 ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Shule zilikuwa za Wazungu, za Waasia, za Waarabu na za Waafrika. Mishahara, hospitali na vilabu vilifuata ngazi hiyo hiyo. Mgoa hakuwa juu kabisa ya ngazi, lakini hakuwa chini pia. Alikuwa na klabu yake, shule yake na ajira ya ofisini. Kijana Mwafrika wa rika lake aliyebeba magunia katika bandari ile ile huenda alikuwa na miguu myepesi vilevile, ila hakuna aliyemsubiri jioni akiwa na saa ya kupimia mbio. Ukweli huu tusiufiche. Hata hivyo tusiutumie kumpokonya Antao kile alichokivuna kwa jasho lake. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Mwaka 1958 alishiriki Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola mjini Cardiff na kurudi bila medali. Mwaka 1960 alikwenda Roma kwenye Olimpiki na kufika nusu fainali ya mita 100. Roma ile tunaikumbuka kwa sababu ya Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni miguu mitupu. Tunasahau kwamba katika mita 200 medali ya shaba ilichukuliwa na Abdoulaye Seye, mwana wa Senegal, ila alikimbia akiwa na jezi ya Ufaransa. Ndivyo mambo yalivyokuwa: Bikila alikimbilia nchi yake huru, ilhali Seye na Antao walikimbia chini ya bendera ambazo wao wala watu wao hawakuzichagua.

Kisha ukaja mwaka 1962. Katikati ya mwaka huo Antao alikwenda Uingereza na kutwaa ubingwa wa nchi ile ulio wazi kwa wageni, yadi 100 na yadi 220. Novemba ilipofika, timu ya Kenya ilisafiri hadi Perth, magharibi mwa Australia, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Waliokuwapo hawakusahau joto lake. Siku ya ufunguzi lilipita nyuzi 40 za Selsiasi.

Katika yadi 100, ambazo ni sawa na mita 91 na kitu, aliyetazamiwa kushinda alikuwa Harry Jerome wa Kanada, mmiliki mwenza wa rekodi ya dunia. Fainali ilipokimbiwa, Jerome alipata jeraha baya la msuli wa paja na kumaliza mwisho. Antao alishinda kwa sekunde 9.5, mbele ya Tom Robinson wa Bahama. Wapo waliosema alibahatika. Jibu lao lilikuja katika yadi 220, alipowashinda wote tena kwa sekunde 21.1. Mtu anaweza kubahatika mara moja. Anayeshinda mbio mbili fupi katika mashindano yale yale, dhidi ya watu wa Uingereza, Australia na Karibi, huyo ni bingwa. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo. Katika michezo hiyo hiyo Kimaru Songok alileta fedha katika yadi 440 za kuruka viunzi. Yaani Kenya ilianza kutambulika duniani kwa Mgoa wa Mombasa na kijana wa Bonde la Ufa, na wote wawili walishindana katika mbio za kasi, si za masafa marefu.

Sasa tutulie kidogo tuitazame Perth kwa jicho la mwanahistoria. Bendera ya Kenya wakati huo ilikuwa ya kikoloni: ya buluu, yenye alama ya Uingereza pembeni na simba mwekundu. Wimbo wa taifa tunaouimba leo, ambao mahadhi yake yalitokana na bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, ulikuwa haujatungwa. Serikali ilikuwa ya mseto wa KANU na KADU, ikivutana juu ya katiba na majimbo. Zaidi ya hayo, Mombasa yenyewe haikuwa sehemu ya Koloni la Kenya kisheria. Ilikuwa ndani ya ukanda wa Mwambao wa maili kumi, mali ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza. Mwaka 1961 Sir James Robertson alikuwa ameleta ripoti yake juu ya mustakabali wa ukanda huo, na mkataba wa kuuunganisha na Kenya ulitiwa saini Oktoba 1963.

Ongeza jambo moja. Desemba 1961, chini ya mwaka mmoja kabla ya Perth, jeshi la India liliingia Goa na kuumaliza utawala wa Wareno wa miaka 451. Basi mtazame mtu huyu anapoinama kwenye mstari wa kuanzia. Nchi ya asili ya wazazi wake imebadilisha mwenyewe. Mji aliozaliwa unabishaniwa na Sultani, Mwingereza na wanasiasa wa Nairobi. Nchi iliyoandikwa kifuani mwake bado ni koloni. Katika yote hayo, kitu kimoja tu kilikuwa hakina utata, nacho ni kwamba alipovuka utepe, jina lililotangazwa lilikuwa Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Oktoba 1964, Tokyo ilipofungua Olimpiki, Kenya iliingia uwanjani kwa mara ya kwanza ikiwa taifa huru, na aliyebeba bendera mpya ya weusi, wekundu na ujani yenye ngao na mikuki alikuwa Seraphino Antao. Mimi huichukulia hatua hiyo kuwa nzito zaidi ya dhahabu zote mbili. Taifa lenye umri wa miezi kumi, likichagua sura ya kujitambulisha nayo mbele ya dunia, lilichagua sura ya mtoto wa wahamiaji kutoka ng'ambo ya bahari. Michezo yenyewe haikumwendea vyema, hakufika fainali. Medali ya pekee ya Kenya ilitoka kwa Kiprugut katika mita 800, na ndiyo ya kwanza katika historia yetu ya Olimpiki. Baada ya Tokyo, Antao aliachana na mashindano. Baadaye alihamia London, na huko ndiko alikofariki Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 73.

Sitamtia maneno kinywani kuhusu kwa nini aliondoka. Mtu huhama kwa sababu nyingi, na nyingine ni za nyumbani kwake tu. Ninachoweza kueleza ni hali ya hewa ya siasa ambayo watu wa jamii yake waliivuta katika miaka hiyo.

Katiba ya uhuru ilimpa uraia wa moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Aliyezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa ng'ambo alipewa miaka miwili ya kuomba. Sensa ya 1962 iliwahesabu Waasia wapatao 177,000, na wengi wao walikuwa katika kundi hili la pili. Miaka miwili ilipita, na wengi hawakuomba: wengine kwa hofu, wengine kwa kutegemea pasi ya Uingereza, wengine kwa kusubiri waone upepo unavumia wapi. Walioona hivyo tunaweza kuwalaumu kwa kuweka mguu mmoja nje. Lakini Februari 1965 Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, aliyefungwa na wakoloni kwa kuunga mkono mapambano ya uhuru, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake Nairobi. Yeye hakuwa na mguu nje. Alikuwa amejitosa mzima.

Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, ambazo zilimfungia mlango asiye raia. Uingereza, kwa hofu ya wimbi la watu wenye pasi zake yenyewe, ikapitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia, iliyoanza kutumika Machi 1968. Familia zikakimbilia viwanja vya ndege kuiwahi tarehe hiyo. Oktoba mwaka huo huo, katika jiji la Mexico lililo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, Keino, Temu na Amos Biwott walishinda dhahabu katika mita 1,500, mita 10,000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Dunia ikaipata Kenya iliyoitaka: nchi ya milima na mapafu.

Katika mwaka mmoja, basi, mambo mawili yalitokea. Kenya ilipoteza maelfu ya watu waliozaliwa katika miji yake, na ikapata simulizi ya kitaifa ambayo watu hao hawakuwa na nafasi ndani yake. Sidai kwamba kulikuwa na njama. Hakuna waziri aliyekaa mezani akaamuru Antao asahauliwe. Kusahau kwa taifa hakuhitaji amri. Kunahitaji tu hadithi nyingine iliyo tamu zaidi, na kutokuwapo kwa mtu wa kuuliza. Keino, Temu na Biwott walistahili kila sifa waliyopewa. Kosa letu ni kuigeuza sifa yao kuwa mpaka, tukaanza kuamini kwamba Mkenya halisi ni yule anayekimbia kama wao, anayetoka walikotoka, na mwenye jina linalofanana na yao.

Simulizi hiyo ilikuwa na gharama hata uwanjani. Tulikuwa na wakimbiaji bora wa mita 400: Charles Asati alishinda dhahabu za Jumuiya ya Madola mwaka 1970 na 1974, na timu ya kupokezana vijiti ikachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972. Lakini katika mbio fupi kabisa tulikata tamaa mapema, tukajiambia kwamba hizo ni za Wamarekani na Wajamaika, kwamba damu yetu haina kasi. Tulisema hivyo tukiwa tumesahau kwamba dhahabu yetu ya kwanza ilikuwa ya kasi. Pwani ikaonekana si mahali pa riadha, na kambi zikajengwa nyanda za juu. Ilibidi tungoje hadi Agosti 2022, mjini Birmingham, ndipo Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 za Jumuiya ya Madola. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Kati ya Perth na Birmingham ni miaka 60. Watangazaji walilazimika kulitaja jina la Antao siku hiyo, na vijana wengi walilisikia kwa mara ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye swali la darasani: "Huyo alikuwa Mkenya?" Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja kutoka pwani alikosa mitihani ya muhula kwa sababu hakuwa na kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho mambo yake ya mkopo wa masomo yalikwama. Alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa. Afisa aliyemhoji alimuuliza kabila la babu yake, na kwa kuwa jibu lilivuka mpaka na bahari, faili lake likawekwa pembeni. Nilikwenda naye ofisini mara mbili. Mara ya pili alikaa kwenye benchi karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa wananiuliza nilikotoka. Mimi sijatoka popote." Sijawahi kusoma katika kitabu chochote cha nadharia ya uraia sentensi inayoshinda hiyo.

Nchi yetu imepiga hatua, na ni haki kuzitaja. Mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao. Julai mwaka huo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44. Mwaka 2023 ikafuata zamu ya Wapemba. Ninafurahi pamoja nao. Hata hivyo nina swali kwa wenzangu watumishi wa umma, na ninaliuliza kwa heshima: kwa nini njia ya kuwa raia kamili ipitie kwanza katika kuandikishwa kama kabila? Seraphino Antao alibeba bendera mwaka 1964. Jamii yake ilitangazwa kuwa ya Kenya mwaka 2017, miaka 53 baadaye, yeye akiwa kaburini. Ikiwa uraia ni tuzo inayotolewa kwa makundi kwa hisani ya mkuu wa nchi, basi kilichotolewa kwa tangazo kinaweza kucheleweshwa kwa ukimya. Ikiwa ni haki ya mtu kwa kuzaliwa na kuishi, basi haihitaji nambari.

Kwa wanafunzi wangu nina ombi la kazi. Wazee waliomwona Antao akifanya mazoezi Mombasa, kama wapo, sasa wana umri wa miaka 80 na zaidi. Nendeni mkawasikilize. Waulizeni pia kuhusu wapagazi wa bandari waliokuwa na mbio lakini hawakupata kocha. Andikeni majina yote mawili, la aliyepewa nafasi na la aliyenyimwa, maana historia ya Mombasa haikamiliki kwa mmoja wao peke yake. Na kwa wanaharakati: mnapodai vitambulisho kwa ajili ya vijana wa pwani na wa kaskazini, ichukueni picha ya Tokyo kama ushahidi. Mtu aliyetangulia mbele ya timu yetu siku ile angepata tabu kujibu maswali tunayowauliza vijana wetu leo.

Muhula huu nililiandika tena jina lile ubaoni, na swali likaulizwa tena. Safari hii sikujibu mimi. Alijibu yule mwanafunzi wa benchi, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho na ana kitambulisho mfukoni. Alisema tu, "Alizaliwa hapa," kisha akaendelea kuandika.